Jina la Mamake kwenye Kombe

Mamangu hakuweza kukaa katika chumba kilichofungwa mlango. Pumzi zilimkatika, jasho likamtoka. Alipofika hali ya kutolala wala kula, nilimpeleka kwa mwalimu mmoja nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, akamwandikia kombe: aya kwa zaafarani juu ya sahani nyeupe, kisha akaziosha kwa marashi, mama akanywa. Mara tatu. Hakupata nafuu.

Nikampeleka na kwa mshauri nasaha wa zahanati, binti wa Kigiriama. Huko mama alikaa kimya wiki tano. Siri ya nyumba haitolewi, alisema, nami nikakasirika, maana nilimwona anaisha mbele ya macho yangu na bado anashika adabu.

Yule binti hakukata tamaa. "Kombe usiliache, mama. Ila siku utakayoandikiwa tena unikaribishe." Basi tukaenda sote watatu.

Mwalimu akauliza majina kama kawaida, kwani chini ya zile aya yeye huandika jina la mgonjwa na la mamake mzazi. Mama akainamisha macho, akataja jina la bibi mmoja wa nyumba kubwa, jina nililofundishwa tangu utotoni kuwa ni la nyanya yangu.

"Huyo ndiye aliyekuzaa, mama?" mshauri akauliza kwa upole.

Nilitamani kumfinya. Mtu mzima haulizwi hivyo! Lakini mama alikuwa ameshaanza kulia.

"Huyo ni bibi wa nyumba. Mamangu kazawa na mjakazi wake. Mamangu akikosea alikuwa akifungiwa stoo, nami niko nje namsikia akigonga. Nisamehe, mwalimu, nimekudanganya. Nalimuonea haya mamangu."

Akalitaja jina lenyewe kwa sauti ndogo. Lilikuwa katika majina waliyopewa watumwa, ambalo Mji wa Kale ukilisikia tu unaijua asili yako. Nina miaka hamsini na sikuwa nikijua nyanya yangu aliitwa nani. Nililia kuliko mama.

Mshauri alimshika mama mkono. Mwalimu naye hakushtuka.

"Nitajie tena, niliandike sawasawa."

Alipomaliza akamwonyesha sahani, kisha akafungua chupa ya marashi ili aoshe. Mama akamzuia.

"Ngoja kidogo, mwalimu. Tangu nizawe sijaliona limeandikwa."