Ulezi wa Mama na Kilo ya Serikali

Jino langu la kwanza kung'olewa liling'olewa misheni Kilema, kabla ya Uhuru, na mtawa mmoja Mzungu mwenye mikono ya mkulima. Nililia hadi ng'ombe wa misheni wakaacha kula. Tulipofika nyumbani mama akanipa funda la mbege nisukutue, akasema nisimeze. Nilimeza. Nikarudi nikasema bado panauma, nikapewa jingine, nikameza tena. Jioni nilikuwa naimba nyimbo za kanisani na pamba mdomoni.

Nimelileta jino ili mjue mbege ya mama ilikuwaje. Watu walishuka kutoka vijiji vya juu, wakapita vilabu vingine na kiu yao, wakaja kunywa kwake. Mbege, kwa asiyeijua, ni pombe yetu: ndizi mbivu zilizochemshwa zikachachuka, halafu unatia uji wa ulezi ulioota. Ndizi tulikuwa nazo kihambani, kwenye shamba letu la migomba. Ulezi ulikuwa wa kununua, na ukiupunguza unapata maji ya ndizi, hata mtoto atakwambia.

Basi. Mimi nimeishia darasa la nne, mambo ya vipimo msiniulize sana. Ninachojua, miaka ya Ujamaa serikali ilisema ratili sasa basi, ni kilo. Duka la karibu lilikuwa la bwana mmoja wa ukoo wa baba, mnene, mcheshi, mwenye mizani ya sahani mbili za kuning'inia. Yeye ndiye aliyetufundisha kilo. Mama aliona mfuko umelegea, akauliza.

"Shemeji, kilo ndiyo hiyo," akajibiwa. "Ni ndogo, lakini ndiyo ya serikali."

Nani angebisha? Kijiji kizima tukailaani kilo. Wazee walisema hiyo imetengenezwa kwa ajili ya watu wa mjini, wasiolima wala kula sana. Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti, kama mtu aliyesoma.

Lakini mbege ilipokuwa nyepesi hakuna aliyeilaumu kilo. Walimlaumu mama. Shangazi yangu, dada yake baba, aliinua kata mbele ya watu wote. "Wifi, hii ni ya kunywa au ya kuogea?" Wakacheka. Wengine wakanong'ona kwamba mama anauza ulezi pembeni.

Na harusi ya dada yangu ilikuwa inakuja. Shangazi akataka mbege ya wakwe ipikwe na mwanamke mwingine. Kwetu, mama wa bibi harusi akinyang'anywa pipa, ni bora angevuliwa kilemba kanisani. Mama aliomba apewe nafasi ya mwisho. Akaenda dukani kununua ulezi, mimi nyuma na gunia. Shangazi naye akafuata, ati aone mwenyewe ulezi unakopotelea.

Tukakuta Landrova ya serikali mlangoni! Kijana mwembamba, kwa lafudhi mtu wa Tabora, ameshika sanduku la mbao. Akalifungua: mawe ya mizani ya shaba, yanang'aa, kila moja limelala kwenye kitambaa chekundu. Watu walijaa mpaka barabarani.

"Ndugu zangu," akasema, "nimekuja kukagua mizani. Mwananchi akilipia kilo, apate kilo."

"Karibu ndugu, chai kwanza," akasema mwenye duka.

"Chai baadaye."

Akaondoa kila kitu juu ya sahani. Sasa, sisi mizani ile hatukuwahi kuiona tupu, siku zote jiwe lilikuwa limekaa upande mmoja. Ilipobaki tupu, sahani ya bidhaa ikashuka yenyewe, puu! Kijana akaigeuza. Chini kulikuwa na nta ya mshumaa, na ndani ya nta kipande cha chuma.

"Kumbe tulikuwa tunakula mishumaa!" akapiga kelele mmoja.

Mama alishika mlango. "Kumbe si kilo," akasema. Halafu akamgeukia shangazi: "Kumbe si mimi."

Mwenye duka akatoka mbio. Tukadhani amekimbia, kumbe amekwenda uani kuchuma sale. Sale ni lile jani refu la mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu unalifunga fundo, unampelekea, naye hawezi kukataa kusamehe. Akampa mkaguzi, mikono miwili, kichwa chini. Mtu wa Tabora atajulia wapi? "Ahsante, ndugu," akasema, akalichukua akaanza kukwangulia nta. Jamani! Tulicheka mpaka mzee mmoja akakalishwa chini.

Mwenye duka akachuma jingine, akamletea mama.

"Usilishike, wifi!" shangazi akanong'ona.

Mama akalipokea. "Nimekusamehe, shemeji." Yule bwana akashusha pumzi, akaanza hata kutabasamu. "Sasa nipimie ulezi wangu uliopungua."

"Lakini shemeji, umepokea sale!"

"Nimekusamehe wewe. Ulezi ni wangu, naudai."

"Mpimie mama," akasema mkaguzi, "na kwa mawe yangu haya."

Mwenye duka akapima. Nikaona kilo halali kwa mara ya kwanza, na haikuwa ndogo hata kidogo! Gunia lilinielemea nikafurahi kuelemewa. Harusi, niwaambie kabisa nisije nikasahau, mkwe mkubwa alikunywa kata nzima bila kupumua, akauliza nani kapika, na aliyewahi kujibu ni shangazi: "Wifi yangu!" Kwa majivuno, kama pipa ni lake.

Lakini nirudi dukani. Wanawake walikuwa wameshakimbilia makwao kuchukua vikapu, wanapanga foleni, mmoja anadai sukari, mwingine chumvi, mwingine maharage, na mkaguzi amesimama pale na mawe yake. Yule bwana akawapimia wa mwanzo. Kisha akaitazama foleni, ilikuwa imekata kona. Akaweka kikopo juu ya meza taratibu, akajifuta mikono, akasema, "Nakuja sasa hivi." Akapitia mlango wa nyuma, akaingia migombani kwa mwendo wa mtu anayekwenda haja. Hajarudi mpaka leo.