Karama Isiyomfikia Torbjørg

Kwa miaka thelathini Torbjørg, mkata samaki katika kiwanda cha Ålesund, Norwe, alimwomba Mungu karama ya kunena kwa lugha. Pombe hakugusa, umbea hakuusikiliza, na bado hakujaliwa.

Jumapili moja kanisani Arvid, msimamizi wake kiwandani, aliyewatukana wanawake wa hapo wiki nzima, alinena kwa lugha mpaka machozi yakamtoka. Torbjørg akashindwa kuvumilia, akasimama.

“Ndugu Arvid, ulimi huo Jumatatu huwa unauacha wapi?”

Mchungaji akasema, “Dada, si ungemwona faraghani?”

“Nimemwona mara tatu, Mchungaji. Zote kanitukana.”

Arvid akainamisha kichwa, akaomba radhi. Waumini wakashangilia, wakamkumbatia yeye. Torbjørg akaketi peke yake, akafumba macho kwa uchungu, akaomba tena karama ile. Hakupata kitu.