Safari ya Kuona Vibaraza vya Mwanza

Sikwenda Mwanza kutembea. Nilitumwa. Halmashauri ya mji wa Musoma ilikuwa imetutangazia sisi tuliofanya kazi kwenye vibaraza vya maduka, pale mtaa mkubwa, kwamba vibaraza vyote vitaachwa wazi, mitaro itafunikwa, na watu wa miguu watapata njia yao. Tulipewa mwezi mmoja. Ilisemekana Mwanza walikuwa wameshaanza kazi ya namna hiyo kwenye mtaa mmoja wa maduka katikati ya mji, na halmashauri ilikuwa inamtuma fundi sanifu wake, Bwana Mafuru, akaione. Tukaomba na sisi tuwe na macho yetu. Wenzangu wakanichagua mimi, Nyangeta, fundi cherehani, wakachanga nauli. Waliniagiza jambo moja tu: nirudi na habari za jinsi wafanyabiashara wa Mwanza walivyoumizwa, ili tuwe na la kusema kwenye mkutano na halmashauri.

Miaka ile kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Tulitoka kwenye maduka matupu, tukaingia ghafla kwenye mitumba, redio, sabuni za kila rangi na ndoo za plastiki. Waliopunguzwa kazini walishika vibaraza. Ushirika wetu wa ushonaji ulipokufa, nami nilihamishia cherehani yangu mbele ya duka la vitambaa, baadaye nikaongeza meza ya pasi.

Meza hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Miezi miwili kabla ya safari, Mwalimu Rhoda, mstaafu aliyewafundisha nusu ya watu wa mji ule, nami nikiwamo, aligongwa na lori mbele ya duka letu, akavunjika nyonga. Watu walimlaumu dereva. Mimi nilijua kwa nini mwalimu alikuwa barabarani. Alikuja akipita kibarazani, akakuta meza yangu imeziba njia kuanzia ukutani hadi kwenye nguzo, akashuka. Nilimwona kwa pembe ya jicho akishuka. Sikumwambia mtu yeyote, na wenzangu waliponichagua nilikaa kimya vilevile.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Musoma. Bwana Mafuru alikaa dirishani na daftari lake juu ya magoti. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mtu wa maneno machache, na hakuficha kwamba hakupenda kusafiri nami. Tulifika Bunda bila kuongea. Tulipokuwa tunakunywa chai pale stendi, ndipo alipouliza.

"Mama, unakwenda kuona au unakwenda kutafuta?"

"Kutafuta nini?"

"Ubaya."

Nilimalizia chai yangu, tukapanda basi.

Baada ya Lamadi mvua ilikuwa imeiharibu barabara. Mara tatu tulishuka tukatembea kwenye tope ili basi lipite likiwa jepesi, wanaume wakilisukuma kwa mabega. Mto Simiyu ulikuwa umejaa, maji mekundu, na dereva alisimama kwanza akautazama kwa muda kabla ya kuvuka darajani. Mimi nilimwazia mwalimu, jinsi alivyolala barabarani mkoba wake umefunguka, na mimi nimesimama nimeshika pasi ya moto.

Saa tisa alasiri tuliingia Mwanza kwa upande wa Igoma. Bwana Mafuru alitafuta chumba nyumba ya wageni karibu na stendi, nami nikaenda kwa mama mdogo Tabitha, Mkolani. Wakati ule kule kulikuwa na mashamba mengi kuliko nyumba. Alinipokea vizuri, akapika ugali na sato, na kabla sijamaliza kunawa akaniuliza habari za Mwalimu Rhoda. Walisoma darasa moja utotoni. Nikasema anaendelea vizuri, ameanza kutembelea fimbo.

"Lakini alikuwa anafanya nini barabarani?" akauliza mama mdogo. "Rhoda ni mwoga wa magari tangu tukiwa wadogo. Hakuwa mtu wa kuiacha njia."

Nikasema sijui. Nikaomba maji.

Asubuhi ya siku ya pili, saa mbili, nilikutana na Bwana Mafuru mwanzo wa mtaa ule wa maduka, pale Nyamagana. Nusu ya chini ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Nusu ya juu ilikuwa bado: mtaro umechimbwa upya na kuachwa wazi, nondo zimesimama ndani yake zikisubiri zege, na juu ya vibaraza meza na vibanda vilikuwa vimejaa kama vyetu. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa wafanyabiashara wa nusu ya juu kuondoka. Hakuna aliyeondoka. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye vigoda mbele ya bidhaa zao, wanaume wamesimama nyuma yao. Upande wa pili wa barabara mgambo wapatao kumi walikuwa wamesimama na virungu, wakimngoja mkubwa wao. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele, na kimya kile ndicho kilichonitia hofu.

Nilimwomba Bwana Mafuru tuanzie chini, kulikokamilika. Alikataa. Alitaka kuuona mtaro kabla haujafunikwa. Akatoa tepu yake ya chuma na daftari, akachuchumaa mbele ya meza ya vitenge ya mama mmoja mtu mzima, akaanza kupima. Hakumsalimia. Alipima kama mtu aliyeko kwenye uwanja mtupu.

Kijana mmoja wa mitumba akalinyakua daftari, akaona namba na michoro. Akawatangazia wenzake kwamba huyu ndiye anayewawekea alama. Nikaona duara linafunga. Mtu akachukua tepu. Bwana Mafuru alisimama, akasema yeye ni mgeni kutoka Musoma, lakini hakuna aliyemwamini. Walimshika shati, vifungo vikaruka. Kila aliporudi nyuma hatua moja, alikuwa anausogelea mtaro wenye nondo. Upande wa pili mgambo waliona, wakaanza kuvuka barabara.

Sitaficha niliyowaza wakati ule. Niliwaza kwamba nikikaa kimya, nitakuwa nimepata habari niliyotumwa kuitafuta: vurugu, virungu, damu. Wenzangu wangefurahi. Halafu nikaona kisigino cha Bwana Mafuru kikigusa ukingo wa mtaro, na udongo ukimeguka.

Nikajipenyeza hadi mbele. Sikuzungumza na wale wanaume. Niliinama kwa yule mama wa vitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu bila kutaka, kwa mazoea tu, lakini akanitazama.

Nikamwambia haraka haraka kwamba yule ni mgeni kweli, nimekuja naye kwa basi jana, na mimi ni fundi cherehani wa kibarazani kama wao, na kwetu nako tunaondolewa.

"Sasa mbona unatembea naye?" akauliza yule mwenye daftari.

Nilikuwa na majibu mengi. Lililotoka ni lile ambalo sikuwahi kulisema mahali popote.

"Kwa sababu meza yangu ilimshusha mwalimu wangu barabarani, akagongwa na lori. Nilimwona anashuka. Sikuisogeza meza."

Walio mbali wakaulizana nimesema nini. Yule mama akainuka kwenye kigoda chake. Akamwamuru kijana arudishe daftari, kisha akasogea hadi ukingo wa barabara, akanyoosha mkono kwa mgambo, akawaambia hakuna ugomvi, ni wageni wameingia bila kupiga hodi. Mgambo wakasimama katikati ya barabara. Magari yakaanza kupiga honi. Kwa dakika chache hakuna upande uliojua la kufanya, kisha mgambo wakarudi walikotoka.

Yule mama wa vitenge aliitwa Mama Kulwa. Mkubwa wa mgambo alipofika, Mama Kulwa alimwendea peke yake, wakazungumza kwa muda mrefu kwenye kivuli cha duka la vyombo. Aliporudi alisema wamepata juma moja zaidi na kikao. Wenzake hawakushangilia. Walirudi kwenye bidhaa zao kama watu waliochoka.

Adhuhuri alituchukua sisi wawili akatushusha nusu ya chini. Nilitembea pale kwa utulivu ambao sikuwahi kuupata mtaani. Mtaro ulikuwa umefunikwa kwa mifuniko ya zege yenye matundu ya kupitisha maji. Ukingo wa njia uliinuliwa kiasi cha kulizuia gurudumu la lori. Kibarazani walichora mstari mwekundu. Mwenye meza anakaa ndani ya mstari, upande wa ukuta, na asiyepata nafasi hapo anaondoka. Nilimwona mwanamume wa magongo akienda bila kutazama nyuma. Nilimwona mama mwenye mtoto mgongoni amesimama katikati ya njia, anachagua viatu, hana haraka. Mwenye duka moja aliniambia sasa watu wanatazama bidhaa, zamani walikuwa wanatazama miguu yao.

Basi nilitaka kuamini kwamba yote ni mema. Mama Kulwa hakuniruhusu. Alituzungusha nyuma ya maghala, akatuonyesha uwanja waliopewa walioondolewa. Vibanda sita vilikuwa vimesimama, kimoja ndicho kilichokuwa wazi. Hakupita mtu. Mdogo wake alipewa nafasi hapo, akakaa wiki tatu bila kuuza, akafunga vitenge vyake kwenye gunia, akarudi Magu kulima.

"Njia siichukii," alisema Mama Kulwa. "Nina wajukuu, wanapita hapa kwenda shule. Lakini waliichora tukiwa hatupo. Walikuja kutuonyesha mahali pa kukaa, wakati wao hawajawahi kuuza hata kiberiti."

Bwana Mafuru alikuwa amesimama na shati lililofunguka kifuani. Alimwomba radhi kwa kutosalimia. Kisha akafungua daftari na kumwuliza, kama yeye ndiye angechora, angeanzia wapi. Mama Kulwa akamwambia angeanza kwa kuhesabu wanaokaa, halafu wanaopita, na angekaa pale kutwa nzima kabla ya kushika kalamu.

Siku ya tatu tulirudi. Kabla ya Magu nilimwambia Bwana Mafuru avue shati, avae koti lake, nami nikatoa sindano na uzi nikamshonea vifungo basi likirukaruka. Nikakata uzi.

"Kwa nini hukuniambia habari za mwalimu?" akauliza.

"Ungeziandika."

Akafikiri. Akasema kweli, angeziandika, na zingetumika kutuondoa sote. Akanifungulia mchoro wa mtaa wetu. Kibaraza chetu kilikuwa kimechorwa kitupu, hakuna fundi, hakuna meza. Akanipa kalamu. Kutoka Magu hadi Bunda nilimwonyesha nani anakaa wapi, nani anaweza kurudi ukutani, na ule upenyo kati ya duka la vitambaa na la dawa ambao haupitiwi na mtu, ambapo mafundi watatu wangeenea na bado wakaonekana kutoka barabarani.

Jumamosi ile wenzangu walikusanyika. Niliwaeleza yote, ya chini na ya juu ya ule mtaa, na mdogo wake Mama Kulwa pia. Halafu nikawaeleza habari za meza. Bwire, muuza redio tuliyekaa naye jirani miaka mitatu, alisema walinichangia nauli niwaletee silaha, nami nimerudi na kamba ya kuwafungia. Wengine walitoka nje. Waliobaki walikubali twende kwa halmashauri na ule mchoro wetu, tuombe wapimaji waje tukiwepo. Halmashauri ilikubali sehemu, ikakataa sehemu. Upenyo tuliupata. Wawili kati yetu hawakupata mahali, wakaondoka, na Bwire hakunisalimia hadi mvua zilizofuata. Mimi nilihama wa kwanza, kabla ya mstari kuchorwa, na kwa muda mrefu wateja hawakunipata.

Lakini kabla ya kwenda kwenye mkutano ule wa Jumamosi nilipita kwanza kwa Mwalimu Rhoda. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake, fimbo imelala mapajani. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia kwamba ile meza ilikuwa yangu na kwamba nilimwona.

"Najua ilikuwa yako," akasema. "Nilisimama kidogo nikitaka kukuomba unipishe. Nikaona unampigia mteja pasi, nikasema nisikusumbue."

Hilo ndilo nililojifunza katika safari ile, ingawa nilikwenda hadi Mwanza na kurudi ndipo nikalisikia nyumbani. Mwenye meza ana sauti. Atagoma, atachanga nauli, atatuma mjumbe. Anayepita hana. Akikuta njia imezibwa hatagombana na mtu. Atashuka barabarani, taratibu, kwa adabu zake zote.