Neno la Mwandishi Haliguswi

Watu wa Mjimwema, hapa Songea, wakikuambia kwamba Notburga Mapunda ni mpole, wasikilize tu, usiamini yote. Mtu aliyeandika miswada kumi na mmoja ya filamu katika miaka kumi na miwili, akaituma yote Dar es Salaam, na bado anaamka asubuhi kuandika mwingine, hawezi kuwa mpole. Huyo kajifunza kunyamaza, na kunyamaza si upole.

Kinachomlisha ni steshonari yake ya chumba kimoja. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anachapa barua za kuomba kazi na ratiba za misa za mazishi. Wateja humwita Da Nota. Hawajui kwamba wanapomweleza shida zao yeye huziandika mara mbili, mara ya kwanza kwenye karatasi wanayoondoka nayo, mara ya pili kichwani mwake. Sikio la Notburga huazima na halirudishi.

Katika miswada yake mmoja tu ndio uliowahi kuwa filamu, na heri usingekuwa. Jamaa wa Dar aliuchukua, yule mama mkulima wa kahawa aliyebeba hadithi nzima akamgeuza mhudumu wa baa, maneno akayabadili karibu yote, na majina yalipopita mwishoni, la Notburga halikuwamo. Aliitazama filamu hiyo kwenye banda la video, amebanwa katikati ya watu wanaocheka. Hakumwambia mtu.

Kwa hiyo lilipotangazwa Tamasha la Kalamu ya Filamu, la kuwaenzi waandishi badala ya mastaa, na akaona kwenye bango maneno NENO LA MWANDISHI HALIGUSWI, alisimama kando ya barabara akalia machozi kabisa. Utaratibu wao ulikuwa hivi. Mswada ukichaguliwa unatiwa kwenye bahasha, mwandishi anaweka sahihi juu ya gundi, na bahasha haifunguliwi mpaka jukwaani. Waigizaji wanaapa mbele za watu kwamba watausoma kama ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Mwandishi anakaa mbele kwenye kiti, kavishwa kitenge begani kama bibi harusi, na mastaa wanasimama nyuma yake. Wewe uliyenyang'anywa maneno yako ukaambiwa habari kama hiyo, usingelia?

Lakini kabla ya tamasha kulikuwa na Skolastika.

Skolastika alikuwa jirani, nyumba ya pili kutoka kwa Notburga, mke wa Otto mwenye viti na turubai. Harusi, kipaimara, msiba, ukitaka viti na spika unamwita Otto, anakuja kwa wakati na kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo. Hakuwa mlevi. Angekuwa mlevi ingekuwa afadhali, maana mlevi hulala. Otto alikuwa mtu wa kusalimia wazee na kukaa benchi la tatu kanisani, na nyumbani alikuwa akimpiga mkewe kwa utaratibu, mahali ambapo nguo inafunika. Mara ya mwisho alimwekea pasi ya mkaa begani. Akamwambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba akiondoka atamfuata mpaka amkute, na siku hiyo hawatarudi wawili.

Siku moja Otto alikwenda Namtumbo kufunga turubai la harusi. Notburga alifunga steshonari, akampeleka Skolastika na binti yake wa miaka sita stendi, akawapandisha basi la Tunduru. Otto alimtafuta mkewe Mbinga kwa wazazi wake, akamtafuta Njombe. Alikuja hata kwa Notburga, akauliza kwa heshima, akaondoka kwa heshima. Mtu mmoja tu Songea nzima ndiye aliyejua Skolastika aliko.

Kila mwezi Skolastika alipiga simu. Alikuwa kijiji cha Mbesa, amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, mbele kuna mipapai miwili. Anauza maandazi, mtoto anasoma. "Dada, leo nimepaka mlango rangi ya bluu, mwenyewe kwa mkono wangu. Ila chini kwenye bawaba brashi haikufika." Alicheka. Notburga naye alicheka, na sikio lake likaazima mlango ule pamoja na bawaba zake.

Wiki sita kabla ya tamasha, Mwalimu Judica, mama wa Kipare aliyeliasisi, alikuja kuwafundisha wanaotaka kushindana. Alikuwa mkali. Notburga alileta kurasa tano za kwanza za hadithi ya mke anayetoroka, ameandika kwamba mwanamke "alikimbilia kijiji cha mbali." Mwalimu alizungushia wino mwekundu.

"Mbali ni wapi? Kamera haiwezi kupiga picha ya mbali. Niambie kijiji gani, mlango rangi gani."

Notburga alirudi nyumbani akaandika siku kumi na mbili mfululizo, na kwa mara ya kwanza maishani alihisi maneno yanakwenda yenyewe. Skolastika akawa Emerensiana. Otto akawa Kassian. Mtoto akampa jina jingine, na Songea yenyewe hakuitaja. Majina alipoyabadilisha alijiona amewaficha watu, kwa vile mwandishi wa filamu huamini kwamba mtu ni jina lililoandikwa juu ya maneno yake. Vitu akaviacha kama vilivyo. Pasi ikabaki, basi la Tunduru likabaki, Mbesa ikabaki, na mlango wa bluu ukabaki ukurasa wa ishirini na mbili. Akajiambia, nani Songea hii anasoma miswada? Otto anasoma miswada?

Iliingia miswada arobaini, ikachaguliwa mitatu, wake ukiwamo. Alitia sahihi juu ya gundi kwa furaha. Mshindi angetengenezewa filamu, neno kwa neno.

Ijumaa, siku moja kabla, alipita ukumbini kuona jukwaa. Mtu alikuwa ameinama anapanga viti, mstari umenyooka utadhani kapima kwa kamba. Akainuka.

"Shemeji! Hongera," alisema Otto. "Nimeliona jina lako kwenye orodha. Kiti chako nimekitafutia chenye mto. Na spika nitakaa nazo mwenyewe, usiwe na wasiwasi, kila neno litasikika."

Notburga alimshukuru. Akatoka nje, akashika ukuta.

Alimkuta Mwalimu Judica ofisini nyuma ya ukumbi, akamwomba ukurasa mmoja ubadilishwe. Mwalimu alivua miwani, akamtazama kwa upendo, na upendo huo ndio uliokuwa mbaya.

"Notburga, mwanangu. Yule wa Dar alipokubadilishia maneno alikuomba ruhusa? Hata wewe mwenyewe siku ya mwisho huruhusiwi kujiogopa. Kila mwandishi huja hapa Ijumaa kuniomba hivyohivyo. Ni woga tu."

"Si woga, mwalimu. Kuna mtu..."

"Kuna mtu nani?"

Angesema. Lakini aliona kwamba akisema, mwalimu atautoa mswada palepale, na anayefuata kwenye orodha atavaa kile kitenge. Akaihesabu miaka yake kumi na miwili.

"Hakuna," alisema.

"Kuutoa ni haki yako mpaka kesho saa nane. Kubadili, hapana."

Nikuambie kweli, hapo ndipo aliposhindwa, si kesho yake. Kesho yake ilikuwa mavuno tu. Alitoka akamtafuta Tumpe, mwigizaji kutoka Mbeya aliyepangiwa kumsoma Emerensiana, akamsihi aruke ukurasa wa ishirini na mbili. Tumpe alisitasita, kiapo ni kiapo, mwisho akasema sawa dada, kwa ajili yako nitaruka. Notburga alikwenda nyumbani akala, akalala. Mtu anayetaka kudanganyika hahitaji uongo mwingi.

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulifurika. Walimu, watu wa halmashauri, masista, vijana wamekaa madirishani. Notburga alivishwa kitenge. Otto alikaa pembeni nyuma ya mitambo yake, kavaa shati jeupe, mkono juu ya vitufe. Tumpe aliapa. Bahasha ikachanwa.

Hadithi ilianza polepole. Otto alikuwa anashughulika na nyaya, hasikilizi. Ilipofika pasi ya mkaa, mkono wake ulisimama. Aliinua kichwa, akamtazama Tumpe, kisha akamgeukia Notburga, na tangu hapo hakuyaondoa macho. Hakukunja uso. Aliinamisha kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayeelekezwa njia na hataki kukosea kona.

Ukumbi ulikuwa kimya. Kimya hicho Notburga alikuwa amekiota tangu banda la video. Mama mmoja mstari wa mbele alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Ukurasa wa ishirini. Wa ishirini na moja. Tumpe mwenyewe alikuwa analia, sauti imepasuka, alikuwa ameshasahau kwamba ni karatasi anasoma. Akafunua. Hakuruka.

"Basi linapita Tunduru," Tumpe alisoma. "Emerensiana anashuka Mbesa, mtoto kamshika mkono."

Angeweza kusimama. Ukurasa ule ulikuwa mrefu, mstari wa mashine ya kusaga ulikuwa bado, angeinuka akasema acheni, naumwa, nimeghairi, chochote kile. Miguu haikuwa na ugonjwa wowote. Alimsikia yule mama akilia kwa kwikwi, akasikia ukumbi mzima ukivuta pumzi pamoja, na moyo wake, Mungu amsamehe, ulisema mstari mmoja tu tena. Akakaa. Mashine ya kusaga ikasomwa, mipapai miwili ikasomwa. Otto alisogeza kitufe juu taratibu, na sauti ya Tumpe ikajaa vizuri zaidi. Mlango wa bluu ulisikika mpaka nje barabarani.

Watu walisimama kupiga makofi. Walimkumbatia, walimfunika kwa vigelegele, na alipopata upenyo wa kutazama pembeni, mitambo ilikuwa peke yake. Mahali pa kirikuu nje palikuwa wazi.

Simu ya Skolastika haikupatikana mara ya kwanza. Mara ya pili vilevile. Alikuwa amesimama nyuma ya choo cha ukumbi, kitenge bado begani, anabonyeza na kusali. Mara ya tano ikaita.

"Dada! Vipi, umeshinda?"

"Skola, toka hapo. Toka sasa hivi. Otto anakuja, anapajua."

Notburga alisikia mashine ikisaga kwa mbali.

"Nani kamwambia?"

Notburga alifungua mdomo, na yeye mwenye maneno ya watu wote hakupata la kujificha nyuma yake.

"Mimi. Nimekuandika. Nimeandika mlango wako, wamesoma mbele yake."

Alidhani atatukanwa. Angependa atukanwe. Skolastika alimwita tu mtoto, akamwambia alete viatu.

"Mlango wangu, dada?" alisema hatimaye. "Sawa. Ninaondoka. Ila safari hii ninakokwenda sitakwambia."

Simu ikakatika. Notburga alikwenda polisi, akaandikisha maelezo, wakapiga simu Tunduru. Jumapili ilitangazwa kwamba mswada wake umeshika nafasi ya kwanza. Hakuwapo. Alimwandikia Mwalimu Judica karatasi yenye ukweli wote, akasema filamu isitengenezwe, na Tumpe alipomletea cheti mlangoni, wote wawili hawakuweza kutazamana.

Siku tatu hakuzima redio. Kila lililosemwa redioni alilisikiliza likiwa na jina la Mbesa hata kama halikuwamo.

Jumatano asubuhi Otto aliingia steshonari. Shati safi, nywele zimechanwa.

"Habari za asubuhi, shemeji. Jumamosi sikupata nafasi ya kukupongeza."

Notburga alikuwa anamtazama mikono, na mikono haikuwa na kitu.

"Nilikwenda," alisema Otto, akaegemea kaunta. "Unajua kuandika, wewe. Mashine ipo palepale ulipoiweka. Mipapai miwili. Mlango wa bluu, na pale chini kwenye bawaba rangi haikufika, kweli. Sikuuliza mtu njia. Kila kitu kilikuwepo, ila wenyewe tu ndio hawakuwepo."

Notburga alijawa na furaha, na furaha hiyo ilimtisha, kwa sababu Otto aliiona.

"Polisi wameniuliza, nimewajibu. Mtu kwenda kumtembelea mkewe si kosa," aliendelea. "Mimi sina haraka. Atakupigia tu, shemeji. Hana mtu mwingine. Na wewe utasikiliza, ndivyo ulivyo, kisha siku moja utaandika. Mimi nitakuwepo nasikiliza."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko vitisho. Notburga hakumwogopa Otto peke yake. Aliliogopa sikio lake mwenyewe, lililosikia bawaba isiyo na rangi likaona ni nzuri.

Simu ilikuwa juu ya kaunta kati yao. Aliichukua, akaifungua mgongo, akatoa laini. Akaiweka chini ya kile kisu kirefu cha kukatia karatasi, akakandamiza mpini kwa mikono miwili. Vipande viwili vikaanguka sakafuni. Otto alivitazama, akatikisa kichwa kana kwamba anamsikitikia, akaaga vizuri, akatoka.

Laini iliyopotea hurudishwa ndani ya dakika kumi, namba ileile, ukienda na kitambulisho. Duka la kurudishia liko upande wa pili wa barabara, analiona kila anapoinua macho kutoka kwenye mashine ya kopi. Hajavuka. Hajui kama Skolastika amewahi kupiga, wala kama yupo bado wa kupiga, na kila asubuhi anapofungua mlango anaamua upya kutojua.