Kikohozi cha Ambindwile

Ambindwile wa Masukulu alilima maharage ya serikali miaka mingi kuliko alivyolima ya kwake. Alikuwa kibarua wa shamba la majaribio, upande wa Tukuyu, na kazi yake ilikuwa kutunza mbegu zilizopigwa mionzi. Mtaalamu wao, Bwana Hezron, alimweleza mwenyewe kwamba mionzi hupenya mbegu na kuvuruga maagizo yaliyomo ndani, yale yanayoiamuru iote jani gani na izae ganda gani. Mbegu ikipona, huurithisha mvurugiko huo kwa watoto na wajukuu zake. Karibu wote huwa hasara tupu: majani meupe, maua yasiyozaa, mashina yaliyopinda. Lakini mara mojamoja hutokea mtoto aliyebadilika kwa heri.

"Huyo mmoja ndiye tunayemsubiri, mzee," Hezron alisema.

Walimsubiri mpaka soko huria likaingia na serikali ikaanza kupunguza watu. Sehemu yao ikafungwa. Hezron, na masomo yake yote, akafungua duka la vipuri mjini. Ambindwile akapewa asante ya mdomo. Aliondoka na mbegu za uzao wa kwanza mfukoni, kiasi cha kujaza kiganja, maana mlinzi alikuwa ameshabandika sufuria azipike.

Akazipanda nyuma ya migomba. Majirani walimcheka, wakayaita maharage ya bomu. Naye kwa kiburi akafunga mdomo. Hata mkewe, Felista, hakumwambia anatafuta nini. Masika yale ugonjwa wa kutu uliyatafuna maharage ya Masukulu yote, na ya kwake vilevile, isipokuwa mche mmoja. Majani yake yalikuwa safi kabisa. Ambindwile aliyageuza moja baada ya jingine, machozi yakamtoka. Akaufunga mche kitambaa chekundu shinani, akawa anangoja maganda yakauke apate mbegu.

Katika kungoja huko, Felista akaenda Kyimo kumuuguza dada yake. Nyumbani wakabaki mzee, mwanawe Meshaki, na Ikupa, mke wa Meshaki, binti mwenye adabu zake. Kwa mila ya Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Mzee akitaka kupita, hukohoa, na binti hujificha. Lolote la kuambiana lilipitia kwa Felista, na Felista hakuwepo.

Jioni moja Ambindwile alitokeza kwenye migomba, akamwona Ikupa shambani akichuma maganda mabichi ya kupika, moja hapa, moja pale. Alikuwa ameufikia ule mche. Moyo ulimlipuka. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi: acha huo! Mtu mwenye akili timamu angeyasema, radhi ikaombwa baadaye. Yeye akakohoa.

Ikupa alielewa kama alivyofundwa kwao: baba mkwe anataka kupita. Hakuwa tena na muda wa kuchuma ganda mojamoja. Akang'oa kilichokuwa mbele yake, na mizizi yake, akakikumbatia na kukimbilia zizini. Mzee akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, na binti akazidisha mbio.

Mzee alipothubutu kusogea zizini, mche ulikuwa umeshachumwa maganda na kutupiwa ng'ombe. Kitambaa chekundu kilining'inia mdomoni mwa ng'ombe huyo, naye anatafuna bila haraka.

Giza lilipoingia, Meshaki akamletea baba yake chakula, ndizi zilizopikwa na maharage mabichi, bado zinafuka mvuke.

"Tata, mbona huli? Ikupa anauliza kama chumvi imekosea."

Ambindwile alilikodolea bakuli macho. Hakuona punje hata moja iliyotofautiana na nyingine. Akamchukia Ikupa, akamchukia Hezron na duka lake, mwisho akajichukia mwenyewe na mdomo wake. Kisha akala. Alikula yote, akafuta bakuli kwa kidole.

"Mwambie," alisema, "amepika vizuri sana."