Regulata Isiyolalamika

Ipo asubuhi moja ya Kasanga inayonirudia kila ukungu unapoishukia Sumbawanga, mwanangu, kama hivi sasa ninapokuandikia nikiwa dirishani, nimejifunika kitenge. Jana ulinipigia simu, Pudensiana, ukasema, "Shikamoo bibi, nimepata kazi ziwani, nitapiga mbizi. Kuna regulata mbili zinauzwa, moja ya pistoni, nyingine ya kiwambo, nichukue ipi?" Nikacheka peke yangu. Mjukuu gani humuuliza bibi wa darasa la nne habari za regulata? Ila wewe unajua nilikopita. Basi nakuandikia wewe, na kijana mwingine yeyote atakayesoma.

Babu yako Gaudensi alinioa kwetu Mwazye, tukateremka mlima mpaka ziwani, Kasanga. Yeye na Hamisi wa Kirando walikuwa wakizamia kukamata wale samaki wadogo wa rangi wanaosafirishwa wakiwa hai, watu wakawatazame kwenye matangi ya vioo. Mkubwa wao alikuwa Mzee Sikazwe. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha vifaa na kuvijaribu kabla havijashuka. Regulata, kwa asiyeijua, hufungwa kichwani mwa mtungi wa hewa, mpira wake ukaja mpaka mdomoni. Ukivuta pumzi inakupa, ukiacha inafunga.

Zetu zilikuwa za zamani, za pistoni. Ndani hazina mambo mengi. Mzee Sikazwe aliweza kuifungua moja na kuifunga huku anakusimulia habari za shangazi yake. Ubaya wake, tukifanya kazi karibu na mto, mchanga uliingia kwenye springi zikaanza kukwama. Tena zilikuwa na tabia moja: hewa ya mtungi ikipungua, pumzi inakuwa nzito, unavuta kama mtu anayenyonya uji kwa mrija. Wanaume wetu walizoea hivyo. Pumzi ikiwa nzito, wanapanda. Geji ya kuonyesha hewa iliyobaki hatukuwa nayo.

Ndipo ikaletwa mpya moja. Hiyo ilikuwa na kiwambo cha mpira ndani, maji na mchanga visiifikie springi, na ilitengenezwa itoe pumzi ile ile mtungi ukijaa, mtungi ukikaribia kuisha. Ilikuja na geji yake, ikining'inia ubavuni. Niliijaribu mwenyewe, nimepiga magoti majini, uso chini. Mwanangu, nikuambieje? Nilivuta, na hewa ikaja kabla sijamaliza kuitamani. Jua lilikuwa likicheza juu ya mawe, visamaki vya bluu vikinizunguka vidole, na mimi nikisikia pumzi yangu kama ya mtoto aliyelala mgongoni. Sijui nilikaa mle kiasi gani. Nilipotoka nikamwambia Mzee Sikazwe, "Hii ni nzuri mno."

Asubuhi hiyo Gaudensi akaivaa. Hamisi akamcheka, "Shemeji Leokadia, mumeo kapata mke wa pili, tazama anavyomkumbatia."

"Ajifunze kusonga ugali basi," nikamjibu, "na mimi nipumzike."

"Wivu tu huo," akasema Gaudensi. "Wewe Hamisi endelea kunyonya bomba la baiskeli."

Wakashuka. Mimi na Mzee tukabaki kwenye boti tukitazama mapovu. Ziwa lilikuwa limetulia, huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mikufu miwili ya mapovu ilipanda polepole, mmoja wa Hamisi, mmoja wa mume wangu, na mimi nikasinzia macho wazi, nikimwaza mtoto aliyekuwa tumboni mwangu, ambaye habari zake nilikuwa bado sijamwambia mtu. Mtoto huyo ndiye mama yako.

Mara nikaona mkufu mmoja tu.

"Mzee," nikasema. Yeye alikuwa ameshasimama.

Mkufu ule mmoja ukasogea, ukawa mkubwa, ukakatika, ukarudi. Vikaibuka vichwa viwili kwa pamoja, uso kwa uso, wameshika regulata moja kati yao. Ilikuwa ile kuukuu ya Hamisi. Walikuwa wamepanda wakipokezana, huyu pumzi, yule pumzi.

Tulimvuta Gaudensi ndani ya boti, midomo imebadilika rangi. Alipopata kusema, akasema, "Ilikuwa laini, Mzee. Laini, laini, halafu hakuna."

"Wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Nilingoja iwe nzito."

"Ya Hamisi ndiyo huwa nzito," akasema Mzee Sikazwe. "Hii haina malalamiko. Itakupa mpaka imalize, ndiyo maana ikaja na geji. Uliitazama?" Gaudensi akaishika geji, mshale umelala kwenye sifuri. Mzee akanigeukia. "Na wewe uliyeisifu. Ni nzuri, hukukosea. Lakini isiyolalamika, lazima uiulize mwenyewe."

Hakuitupa. Kesho yake alimvisha tena ile ile, akamwamuru kila akitembea kidogo chini aishike geji na kuisoma. Hamisi naye akawa anamgonga ubavuni kumkumbusha.

Ugongaji ule ukaja mpaka nyumbani. Babu yako alikuwa mtu wa "sijambo." Tulipohamia Laela kulima mahindi, alibeba magunia na homa mwilini, ukimuuliza, "sijambo." Basi jioni nikawa namgonga ubavuni: "Geji?" Hapo hakuweza kudanganya. Jioni moja akasema, "Imeshuka sana, Leokadia." Nikampeleka hospitali mjini usiku haujaingia, na wewe ukapata kumjua babu yako.

Mwaka ule aliotuacha, mzee kabisa, nilimgonga taratibu. "Geji?"

Akatabasamu. "Imebaki kidogo. Lakini tumeshafika juu."

Kwa hiyo mwanangu, nunua ile yenye kiwambo, iliyo nyepesi mwanzo mpaka mwisho. Kule kwenye midomo ya mito itakufaa kuliko ya pistoni, na mwili hautachoka kuvuta. Ya pistoni si mbaya, ina matengenezo machache, lakini usiingoje ikuonye. Nayo isomee geji. Itazame geji kabla hujaona haja. Na huku nchi kavu, yule mwenzako anayekupa kila siku bila kuguna, mama, rafiki, mume utakayempata, usingoje awe mzito. Mguse ubavu, muulize, kisha ungoje jibu la kweli.

Mungu akujalie pumzi laini, mwanangu, na mwenzako wa kupokezana naye ikiisha, na kila ushukapo akurudishe juu kwenye jua.