Siku Yaiphabi Alipokosa Kuitwa Kwao

Yaiphabi alikuwa na mdomo, jamani. Utamweka bibi harusi kwenye kiti changu asubuhi, analia kwa woga, Yaiphabi atampaka poda huku akimsimulia vituko vya mabwana harusi wa mji wa Kakching, na haitafika saa nne yule mtoto atakuwa anacheka hadi wanja unachuruzika. Tunaanza upya. Nilikuwa namfokea.

"We Yaiphabi, unanimalizia wanja."

"Mama Tampha, wanja unanunuliwa. Kicheko utakinunua duka gani?"

Basi nachukua wanja mwingine, maana wateja walikuwa wanamfuata yeye, si mimi.

Saluni ni yangu, iko Imphal, uchochoro wa nyuma ya soko la wanawake, na tunaofanya kazi humo ni nupi maanbi, tuliozaliwa tukaitwa wana wa kiume na wenyewe tukajijua ni wanawake. Mji mzima unaleta mabibi harusi kwetu. Mama wa bibi harusi atatushukuru, atatupa ndizi na tambuu, kesho akikutana nasi barabarani anavuka ng'ambo. Tumezoea. Nasema tumezoea, lakini mimi inaniuma kila mara.

Yaiphabi alianzia kwenye michezo ya uani, ile ambayo sehemu za wanawake huigizwa na watu kama sisi. Akiwa na miaka kumi na saba alikuwa akiigiza mjane, na watu wote uani wanalia, baba yake mwenyewe akiwemo. Wakifika nyumbani, baba huyohuyo anamchapa kwa kutembea vile alivyotembea mchezoni. Sasa mtoto afanye nini? Kwenye kundi la maigizo ndiko alikoonja unga, ule tunaouita namba nne. Alianza kwa kuvuta, kisha akajidunga. Aliponijia alikuwa na miaka ishirini na sita, mishipa ya mikono imeshakufa, anatafuta mshipa mguuni.

Angetibiwa wapi? Kituo cha wanaume kilimnyoa nywele siku ya kwanza na kumlaza chumba kimoja na wanaume arobaini. Alikaa siku tisa, na siku hizo hakuwahi kunisimulia, yeye aliyekuwa anasimulia kila kitu. Kituo cha wanawake kikasema huyu si wetu. Vile vya kulipia, vyenye daktari wa akili, ungeuza saluni na mimi mwenyewe juu usifikie bei. Nikasema haya, tutafanyia hapahapa. Nami nilikuwa teja miaka minane, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, naijua. Kila Jumanne mchana nashusha mlango wa chuma nusu, tunakaa kwenye viti vya kuoshea nywele, watu saba au wanane, kila mtu anasema yaliyomkuta. Bi Rojita, mshauri wa kliniki, anakuja kutusikiliza, na malipo yake ni sahani ya wali na mboga za kupondwa na ngari, samaki wetu wa kuvundikwa. Mwenye chochote anatoa, asiye nacho anaosha vyombo. Sheria zilikuwa mbili tu: usijidunge peke yako mlango umefungwa, na yanayosemwa hapa yanabaki hapa.

Ya pili niliivunja mimi mwenyewe, na ndiyo inayonifanya niseme haya.

Mama yake Yaiphabi, Memcha, ni mfumaji wa vitambaa, na kule mtaani kwao ni mmoja wa wanawake wa mienge, wanaolinda mtaa usiku. Mlevi akifanya fujo au teja akionekana, Memcha ndiye anayegonga nguzo ya umeme kwa jiwe hadi wanawake watoke kila nyumba. Wakikushika, unavalishwa kibao shingoni na kutembezwa. Siku moja aliyeshikwa alikuwa mwanawe. Memcha alimfukuza mbele ya wenzake wote, kwani angewaambia nini akina mama ambao watoto wao aliwatembeza yeye?

Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Miaka mitatu baadaye, Yaiphabi akiwa na miezi mitano hajagusa kitu, Memcha aliingia saluni akijifanya anataka kupunguza nywele.

"Ni kweli ameacha?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Muulize mwenyewe, yule pale anafagia."

"Nakuuliza wewe. Yule ni mwigizaji."

"Ameacha. Anaumwa, analia, anatukana watu, lakini ameacha."

Akahesabu kwa vidole. Kumbe alikuwa anaihesabia Ningol Chakouba, siku ya mabinti, iliyobakiza miezi miwili. Siku hiyo kila mwanamke aliyetoka kwao huitwa arudi ale na ndugu zake, na kaka ndiye anayepeleka mwito. Kwetu sisi hakuna kubwa kuliko hilo. Kaka akikuita siku ile, ameshauambia mtaa mzima kwamba wewe ni dada yake. Mimi nina miaka hamsini na miwili, nina ndugu wa kiume wanne, na sijaitwa hata na mmoja.

"Nitamtuma Naoba amwite," alisema Memcha. "Wenzangu wa mienge nimeshawaambia. Ila akirudia, Mama Tampha, niambie wewe mwenyewe. Nisije nikaumbuka."

Nikaapa. Nilijiona mtu wa kweli, mimi, nisiyepindisha maneno.

Naoba, kaka yake, alikuja mwezi uliofuata, kijana mwenye haya, na tambuu na ndizi kama inavyotakiwa. Alisema maneno ya mwito huku anaangalia sakafu, lakini aliyasema yote. Yaiphabi aliingia stoo akalilia kwenye mataulo yangu masafi. Akanunua shali nyeupe ya maua. Wiki nzima akawa anatuuliza atakaaje akifika kwao.

"Nikae hivi, au nikae hivi?"

"Kaa kama mtu mwenye njaa," nilimwambia.

Zikiwa zimebaki siku nane, alikwenda Thoubal kumpamba bibi harusi. Alipomaliza kazi yake, mjomba mmoja wa bwana harusi alimvuta nywele mbele ya wageni aone kama ni zake. Watu wakacheka. Njiani kurudi akapita pale anapopajua.

Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya saluni kabla sijafungua.

"Mama, jana nimerudia," alisema. "Mara moja. Nimekuja kusema kwa sababu nisiposema leo nitarudia tena."

Hivyo ndivyo tulivyofundishana. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote, na alilifanya bila kushikwa na mtu. Mimi nikamfokea. Nilimwambia hana akili, siku nane tu zilimshinda, anamtia mama yake aibu. Kisha nikampikia chai. Bi Rojita alipofika alimkumbatia, akaniambia pembeni kwamba mtu aliyeteleza akaja kusema bado yuko njiani, na habari ile isitoke mle ndani.

Laiti ningemsikiliza. Lakini kiapo kilinikereketa siku mbili nzima. Nikampigia simu Memcha.

"Amerudia," nikasema.

"Asante," akasema, akakata simu.

Mkesha wa sikukuu, mchana, Naoba alikuja tena, mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Dada, mwaka huu mambo hayajakaa sawa nyumbani," alisema. "Tutakuita mwakani."

Yaiphabi aliweka kitana chini. Aligeuka akaniangalia mimi, na nikajua amejua. Nilisubiri anitukane, maana matusi alikuwa nayo ya kutosha mtaa mzima. Badala yake aliikunja shali akaiweka kwenye droo ya brashi, akamaliza kumsuka mteja.

"Kesho uje kwangu," nilimwambia alipokuwa anatoka. "Nimenunua samaki. Tutakula wote tusioitwa."

"Nitakuja, mama."

Siku ya mabinti, Imphal yote huwa barabarani. Wanawake wamevaa, wamebeba matunda, watoto wanaburutwa, kila mmoja anawahi kwao. Mimi nilipika tangu alfajiri. Kufika saa sita walikuwa wameshakuja watano wa kikao chetu pamoja na Bi Rojita, Yaiphabi hayupo, na simu yake inaita tu. Nikachukua mkoba wangu, ambao haukosi dawa ya kuzindua aliyezidiwa na unga, nikakimbia na wenzangu hadi kwenye chumba alichopanga, mitaa miwili tu kutoka kwangu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tuliuvunja. Nilimchoma dawa mara mbili, nikamchoma na ya tatu, na alikuwa ameshapoa.

Mwili uliokaa karibu miezi saba bila unga, ukaonja mara moja tu, hauwezi tena kipimo cha zamani. Yaiphabi alilijua hilo, yeye ndiye aliyekuwa anawafundisha wageni wa Jumanne. Kama alisahau au hakusahau, sijui, na anayedai anajua simtaki saluni kwangu.

Nilikuwa bado nimekaa naye sakafuni, Bi Rojita amekwenda kutafuta gari, niliposikia wenzangu wanamwelekeza mtu uani. Akaingia Memcha. Alikuwa amebeba sufuria imefungwa kwa kitambaa, na Naoba nyuma yake na ndizi. Mama hafuati binti na chakula siku ile. Binti ndiye anayekwenda.

"Nimeshindwa kula," alianza kusema kabla hajatuona vizuri. "Nikasema wacha waseme. Nimemletea kichwa cha samaki, yeye ndiye anayependa kichwa. Binti yangu yuko wapi?"

Kisha akaona. Naoba aliwahi kuipokea sufuria. Memcha hakupiga kelele, yule mwanamke wa kugonga nguzo. Alikaa chini upande wa pili, akashika mguu wa mwanawe, akawa anaufuta vumbi kwa ncha ya nguo yake, kidole kimoja kimoja. Nilitaka kufa. Nasema wazi, nilitamani niwe mimi.

Akaniuliza, bila kuinua macho.

"Siku ile aliporudia. Ulimfuma wapi?"

Ningeweza kudanganya. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani niwe mwongo.

"Sikumfuma. Alikuja mwenyewe kusema. Kulipokucha tu, alikuwa amenisubiri mlangoni."

Mkono wake ukasimama.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hukuniambia hivyo."

"Sikukuambia."

Memcha aliuweka ule mguu polepole juu ya paja lake.

"Mtoto anayekuja mwenyewe kusema," alisema, "ningemwita."